Siku ya Kuzaliwa Haikujazwa

Jumatatu, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, fundi wa mifumo wa hospitali ya macho aliweka kikombe chake cha chai juu ya rafu, akavuta kiti, akafungua sehemu ya programu ambayo hakuna mtu aliyeigusa kwa miaka mitatu. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi. Kilikuwa na meza moja, feni moja, kabati la chuma lenye seva, na dirisha dogo la kioo lililotazama ukumbi wa mapokezi, ambako wagonjwa walikaa katika mabenchi sita wakisubiri namba zao ziitwe.

Sehemu aliyoifungua ilihusu maombi ya miadi. Mgonjwa alijaza fomu kwenye simu, akabonyeza Tuma, na ukurasa ukamwambia: Asante, ombi lako limepokelewa, tutakupigia. Nyuma ya ukurasa huo programu ilikuwa ikijaribu kulihifadhi ombi. Fundi aliyemtangulia alikuwa ameandika kila hatua kwa mkono safi, mpaka alipofika mahali pa kueleza nini kifanyike ombi likikataa kuhifadhiwa. Hapo aliacha pengo, na ndani ya pengo akajiandikia neno moja la kujikumbusha: Nitarudi. Hakurudi. Alipata kazi kwingine, na tangu hapo kila ombi lililokataa lilitumbukia katika pengo hilo kimya kimya, huku mwenye ombi akishukuriwa.

Fundi wa sasa alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mwenye tabia ya kusoma mstari mara mbili kabla ya kuufuta. Hakumlaumu mwenzake. Ndani ya pengo aliandika mistari kumi na mmoja, iliyosema kwamba kila ombi litakaloshindwa litaandikwa katika faili moja, ambalo yeye aliliita daftari la makosa: siku, saa, dakika na sekunde, alichojaza mgonjwa, na sababu ya kushindwa. Alilijaribu mara tatu kwa maombi ya kubuni, akaona mara zote tatu limeandika sawasawa, akayafuta. Kisha akaliwasha, akanyoosha mkono kuchukua chai yake. Ilikuwa bado ya moto.

Kibali cha kazi hiyo kilikuwa kimemchukua miezi mitano kukipata. Katika barua ya maombi alieleza kwamba mfumo usioandika makosa yake hauwezi kutengenezwa. Hilo lilikuwa kweli. Kweli nyingine, ambayo hakuiandika, ilikuwa mjomba wake.

Mjomba alikuwa fundi saa kwa miaka arobaini na mitatu. Ndiye aliyemlea, na ndiye aliyemfundisha kazi, ingawa kazi zenyewe hazikufanana. Alikuwa na kanuni moja: usifungue saa kabla hujaandika inakosea wapi na kwa dakika ngapi. Mafundi wengine walifungua kwanza na kutafuta ugonjwa baadaye, wakawarudishia watu saa zenye ugonjwa mwingine. Saa iliyotoka mikononi mwa Mjomba haikurudi.

Sasa alikuwa na presha ya macho. Ugonjwa huo huiba mwanga kutoka pembeni kwenda katikati, na ulichoiba haurudishi. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilikuwa limebakiwa na duara la kuonea, ambalo yeye mwenyewe alilipima kila Jumapili kwa kusimama hatua mbili kutoka ukutani: mwanzoni upana wa sinia, kisha sahani, na mwezi huo, sahani ya kikombe. Alikuwa ametuma ombi la miadi miaka miwili na miezi minne iliyopita, siku ya Jumanne, saa tatu na dakika arobaini na saba asubuhi. Alikuwa ameiandika dakika hiyo nyuma ya kalenda. Tangu siku hiyo simu ilikaa katika mfuko wa shati lake, hata alipokwenda kuoga aliitundika mlangoni.

Miezi minane iliyopita, alipoajiriwa hospitalini, fundi alilitafuta jina la Mjomba katika mfumo. Halikuwamo.

“Basi liko njiani,” alisema Mjomba. “Walisema asante. Mtu hasemi asante kwa kitu ambacho hajapewa.”

Daftari la makosa liliandika mstari wake wa kwanza saa nne na dakika moja. Mstari huo ulikuwa wa ombi lililoshindwa miaka mitatu iliyopita, kabla daftari lenyewe halijakuwapo. Fundi aliusoma mara mbili. Alikagua mistari yake kumi na mmoja, akakagua faili, akakagua seva. Hakuona kosa. Daftari lilikuwa linafanya kazi liliyopewa, ila lilikuwa limeanzia mahali makosa yalipoanzia.

Dakika moja baadaye, kupitia dirisha dogo, aliona mwanamke wa miaka kama sabini ameketi katika benchi la tatu. Mikono yake ilikuwa na povu la sabuni hadi kwenye viwiko, na povu halikuwa likikauka.

Mpokeaji wageni, mama mnene mwenye sauti ya kengele ambaye kila mtu alimwita Mama Mapokezi, alimfuata akiwa na kalamu sikioni.

“Namba yako, bibi?”

“Sina namba. Nimetuma ombi.”

“Lini?”

“Sasa hivi. Nilikuwa naosha vyombo, nikaona nitume kabla sijasahau.”

Mama Mapokezi alipiga simu kwa namba ambayo bibi alimtajia. Ikapokewa na bibi yuleyule, kutoka nyumbani kwake, ambaye alisema kwamba kweli alituma ombi, zamani, na kwamba siku hizi vyombo anaoshewa na binti yake kwa sababu mwenyewe haoni tena ukingo wa beseni. Mama Mapokezi alishukuru, akakata simu, akaja kuinama kwenye dirisha la fundi.

“Dada, yule pale si bibi. Yule ni ombi la bibi.”

“Ndiyo. Mstari wa kwanza.”

“Watakuja wengi?”

“Sijui bado. Daftari linaendelea.”

“Basi nikaazime viti vya ukumbi wa mikutano mapema, kabla watu wa semina hawajavikalia.”

Kufikia Jumatano walikuwa wamefika mia mbili na kumi na wawili. Kila mmoja alikuja dakika moja baada ya mstari wake kuandikwa, katika hali aliyokuwa nayo alipobonyeza Tuma. Kulikuwa na mwalimu mzee mwenye vumbi la chaki masikioni. Kulikuwa na seremala aliyekuwa na msumari mdomoni, ambaye aliutoa kila alipotaka kusema na kuurudisha alipomaliza. Wengi walishika simu za wajukuu wao. Hawakula, hawakuuliza choo kiko wapi, hawakusukumana. Mtu akipita walikusanya miguu. Mama Mapokezi alisema katika miaka kumi na tisa hajapata kuona wagonjwa wenye adabu kama hao, na kwamba wenye miili yao wangekuja kujifunza.

Fundi alisoma mistari yote. Minne ilikuwa ya mtandao uliokatika. Mia mbili na minane ilikuwa na sababu moja: siku ya kuzaliwa haikujazwa. Fomu ilitaka siku, mwezi na mwaka. Hawa walikuwa watu waliojua mwaka waliozaliwa, wengine na msimu, lakini siku hawakuambiwa, na aliyeijua alikuwa amekwisha kufa. Kisanduku cha siku walikiacha wazi kwa sababu hawakuwa na cha kuweka. Kisha akaangalia waliopokelewa. Kati ya wazee waliopata miadi katika miaka hiyo, elfu moja na mia tatu walikuwa wamezaliwa tarehe moja Januari. Kwa maneno mengine, mfumo uliwapokea waliobuni siku na kuwameza waliosema kweli. Mtu angetaka kukusanya watu waaminifu wa mji mzima katika ukumbi mmoja, asingepata ungo mzuri kuliko huo.

Mstari wa Mjomba ulikuwa wa mia moja na kumi na nane. Ulisema Jumanne ileile, saa tatu na dakika arobaini na tatu.

Fundi aliitazama dakika hiyo kwa muda. Nyuma ya kalenda palikuwa na arobaini na saba. Tofauti ilikuwa dakika nne, na moja kati ya saa mbili hizo ilikuwa imekosea. Hakuwa na shaka ni ipi, lakini shaka si kipimo, kwa hiyo alilinganisha saa ya seva na saa ya taifa. Seva ilikuwa nyuma kwa dakika nne. Aliisahihisha, na daftari likasahihisha mistari yake yote ya nyuma bila kuombwa: saa tatu, dakika arobaini na saba, sekunde kumi na mbili.

Alipoinua macho, ombi la Mjomba lilikuwa limeketi katika benchi la pili. Lilivaa koti la kazi la bluu ambalo Mjomba aliligawa mwaka uliopita, na lenzi yake ya kutazamia saa ilikuwa imepandishwa kwenye paji la uso. Fundi alitoka kwenda kulisalimu.

“Shikamoo, Mjomba.”

“Marahaba, mpwa wangu. Umenenepa, vizuri.” Lilitazama juu ya kichwa cha fundi. “Hiyo saa ya ukutani iko nyuma. Dakika saba, kama si nane. Nipe kiti nipande.”

Lilipanda, likaishusha saa, likafungua mgongo wake kwa ukucha. Kabla ya kuigusa ndani liliomba karatasi, likaandika: nyuma, dakika saba na nusu. Mikono haikutetemeka na macho hayakutafuta kitu mara mbili. Fundi alisimama akashika sinia ya skrubu ndogo ndogo, kama alivyoshika alipokuwa na miaka tisa. Alikuwa amesahau kwamba mjomba wake aliwahi kuona hivyo.

Alhamisi daktari wa macho aliwapokea. Utaratibu ulisema anayeketi benchini na ana namba ahudumiwe, na sasa walikuwa na namba, zile za mistari ya daftari. Daktari alikuwa mtu mrefu asiyependa maneno. Aliwapima mmoja mmoja, na alipomaliza ishirini alikuja chini ya ngazi.

“Wanaona kama walivyoona siku waliyotuma,” alisema.

“Nimeona.”

“Yule wa koti la bluu ni mtu wako?”

“Ni ombi la mjomba wangu.”

“Shinikizo lake liko juu, lakini mishipa bado mizuri. Nikimtibu leo atasoma gazeti mpaka afe.” Alikuna kidevu. “Mwenyewe yukoje?”

“Sahani ya kikombe. Jicho moja.”

“Basi mlete mwezi huu. Mwezi ujao nitakuwa naangalia kitu kilichokwisha.”

Aliwatibu wote kwa siku mbili, na kazi yake ilikuwa nzuri sana. Hakuna ombi hata moja lililopata jeraha. Bibi wa sabuni alisoma ubao wa herufi mpaka mstari wa mwisho, akaomba apewe na mwingine wa kuongezea. Nyumbani kwao, wenye maombi hawakupata badiliko lolote. Mama Mapokezi aliwapigia simu wote ili kuhakikisha, maana alikuwa mtu wa kuhakikisha, kisha akajaza mbele ya kila jina: amehudumiwa.

Fundi aliandika ripoti ya ukurasa mmoja, yenye mapendekezo matatu. Mkurugenzi alimpokea Ijumaa jioni, katika ofisi yenye zulia na mmea wa plastiki uliofutwa vumbi kila siku.

“Ripoti safi,” alisema, naye hakuwa akitania. “Nimesoma vitu vingi katika ofisi hii. Sijasoma ukurasa ambao huwezi kuutoa neno hata moja. Huu ni wa kwanza.”

“Asante.”

“Sasa, pendekezo la kwanza. Siku ya kuzaliwa isiwe lazima. Fomu hii, Fundi, si yetu peke yetu. Tunaitumia hospitali kumi na nne. Kukilegeza kisanduku kimoja ni kikao, na kikao ni mwakani. Lakini kwani hawa watu walishindwa nini? Wangeandika moja Januari. Mimi mwenyewe ni wa moja Januari.”

“Ulizaliwa siku hiyo?”

“Nani anajua.” Akafunua karatasi, ingawa ilikuwa moja tu. “La pili, tusiseme asante kabla ombi halijahifadhiwa. Hapa tuelewane. Tangu tuanze kusema asante, malalamiko yamepungua kwa theluthi mbili.”

“Yalipungua kwa sababu watu walidhani wamepokelewa.”

“Lakini yalipungua.”

“Na la tatu,” alisema fundi. Hilo ndilo alilolijia. “Wenyewe waitwe, kwa kufuata tarehe za daftari. Wapo ambao wana wiki chache tu.”

Mkurugenzi alivuta orodha ya Mama Mapokezi, akapitisha kidole juu yake kwa upole.

“Mia mbili na kumi na wawili. Wamehudumiwa. Wote.”

“Waliohudumiwa ni maombi.”

“Na sisi hapa huhudumia nini, Fundi? Huwa tunahudumia maombi.” Alifunga faili. “Usinielewe vibaya. Kibali ulichopewa ni cha kuandika makosa, na umeyaandika vizuri kupita nilivyotarajia. Kuyasahihisha ni kibali kingine.”

Jumamosi daktari alimwambia fundi amlete mjomba wake kwa mlango wa nyuma, atamtibu kabla yeye daktari hajavaa koti lake. Fundi alipeleka habari hizo jioni. Mjomba alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kazi, akilisafisha jino moja la gurudumu kwa brashi, kwa vidole tu.

“Huo mlango wa nyuma unatokea wapi?” aliuliza.

“Kwa daktari.”

“Unatokea mbele ya mtu mwingine. Hao wenzangu, wako wangapi?”

“Mia mbili na kumi na mmoja.”

“Wote wana mpwa chini ya ngazi?”

“Hapana, Mjomba.”

“Basi tuma upya. Nitashika foleni.”

“Nikituma upya bila siku, litamezwa tena. Niruhusu niandike moja Januari. Ni namba moja tu.”

Mjomba aliweka brashi chini. Aligeuza kichwa polepole, mpaka uso wa fundi ukaingia katika duara lake.

“Umeijua siku niliyozaliwa?”

“Sijaijua.”

“Basi ukiiandika, utakuwa umeisogeza mishale kwa kidole ili saa ifanane na saa. Nilikufundisha hivyo?”

Hakumfundisha hivyo. Fundi alikuwa mtu anayeamini ukweli kuliko huruma, na aliyemtia imani hiyo alikuwa mbele yake, akidai ilipwe kama ilivyo. Hakulia. Alimuuliza kama amekula, naye akasema amekula, na ilikuwa kweli.

Jumatatu aliomba ruhusa ya nusu siku, akaenda kwa Mjomba na kompyuta yake, wakaketi mezani. Duara lilikuwa upana wa kifungo cha koti. Mjomba alikuwa amelipima jana yake, hatua mbili kutoka ukutani. Fundi alimsomea fomu kisanduku kwa kisanduku, naye akajibu. Mwaka aliutaja bila kusita. Kwenye siku alisema, “Acha,” na fundi akaacha.

“Bonyeza mwenyewe,” alisema fundi, akauongoza mkono wake.

Mjomba alibonyeza.

“Wamesemaje?”

“Wamesema asante, ombi lako limepokelewa, tutakupigia.”

“Na daftari?”

Fundi alifungua dirisha la pili kwenye kompyuta. Mstari ulikuwa umekwisha kuandikwa, wa mia mbili na kumi na tatu, safi, usio na neno la ziada. “Limeandika. Saa nne, dakika sita, sekunde tatu. Siku ya kuzaliwa haikujazwa.”

Mjomba alisogeza saa yake ya mkononi hadi karibu kugusa jicho la kulia, akaitafuta mishale kidogo kidogo, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Ilimchukua muda. Akaisoma, akatoa muda aliotumia kuitafuta.

“Sawasawa,” alisema. “Hilo daftari ni kazi ya fundi.”

Hakuwa mtu wa kusifu. Katika miaka ishirini na tisa alikuwa amemsifu mara mbili, na hii ilikuwa ya tatu.

Simu ya fundi ililia saa nne na dakika nane. Alikuwa Mama Mapokezi, na nyuma ya sauti yake ukumbi ulisikika umetulia.

“Dada, mjomba wako mwingine amefika. Huyu ameinua saa ya mkononi mpaka kwenye jicho, hataki kuishusha.”

“Mkalishe, mama.”

“Nimemkalisha karibu na yule wa koti la bluu. Wameshasalimiana. Mpya anauliza saa ngapi, na yule wa zamani anamsomea ya ukutani.”

“Anamsomea saa ngapi?”

Mama Mapokezi aliondoa simu sikioni, akasikiliza, akarudi.

“Saa nne na dakika tisa.”

Fundi alimwambia Mjomba. Mjomba alihesabu, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaiweka sawa simu yake katika mfuko wa shati, akaupapasa mfuko mara moja kuhakikisha imekaa wima, akaendelea kusubiri.